Kutoka Karatasi hadi Kompyuta: Historia ya Kuongoza Mabadiliko Kazini, 1942-2011

0. Utangulizi

Kila ofisi iliyowahi kuacha daftari na kushika kompyuta imekutana na maswali yaleyale: ni nani atakayejifunza, ni nani atakayeamua, na ni nani atakayelaumiwa mambo yakiharibika. Aghalabu mageuzi hayo husimuliwa kama historia ya mashine: kwanza ilikuja iliyojaza chumba kizima, kisha ya mezani, kisha ya mfukoni. Lakini pembeni mwa historia hiyo ipo nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni historia ya maarifa ya kuwaongoza watu wanaobadilishiwa kazi. Maarifa hayo hayakuzaliwa na kompyuta. Yalianzia jikoni, yakapitia kiwanda cha nguo na migodi ya makaa ya mawe, kisha yakalazimika kugeuzwa ili yafae katika ofisi za kompyuta.

Makala haya yanaifuata historia hiyo tangu mwaka 1942 hadi kuanzishwa kwa malipo ya mishahara kwa njia ya benki nchini Kongo mwaka 2011. Hoja yake ni moja. Kile ambacho wakubwa wa kazi hukiita ukaidi wa wafanyakazi, mara nyingi ni ujuzi wao wa kazi. Mbinu zilizolenga kuuvunja ukaidi huo zilifaa kwa muda tu. Zile zilizousikiliza kama habari juu ya kazi ndizo zilizodumu. Wahenga walikwisha kulisema hilo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

1. Mbegu: nyama za ndani na nguo za kulalia

Kurt Lewin alizaliwa mwaka 1890 huko Mogilno, mji uliokuwa wakati huo chini ya Prussia na ambao leo umo Poland. Alifundisha saikolojia Berlin hadi mwaka 1933, utawala wa Hitler ulipomlazimisha, kama Wayahudi wengi, kuhamia Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, serikali ya Marekani ilitaka wananchi wale nyama za ndani kama moyo na figo, ili nyama nyingine zipelekwe kwa askari. Akina mama wengi wa Marekani walizidharau nyama hizo. Lewin aliombwa kuchunguza namna ya kubadili mazoea hayo.

Vikundi vya akina mama waliojitolea katika Msalaba Mwekundu, kila kimoja kikiwa na watu 13 hadi 17, viligawanywa mara mbili. Nusu yake vilipewa mhadhara mzuri juu ya vitamini, uzalendo na mapishi. Nusu nyingine vilipewa maelezo mafupi, kisha wanawake wakaachwa wazungumze wenyewe: mume atasemaje, harufu itaondolewaje, watoto watakubali au watakataa. Mwishoni waliulizwa nani yuko tayari kujaribu. Muda ulikuwa uleule. Baadaye ilionekana kwamba kati ya waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu waliipika nyama ambayo hawakuwa wameizoea. Kati ya waliozungumza na kuamua pamoja, asilimia 32 waliipika.

Mwaka 1947, mwaka uleule aliofariki, Lewin alichapisha maelezo ya jambo hilo kwa taswira ya barafu: kuyeyusha mazoea ya zamani, kuyasogeza mahali papya, kisha kuyagandisha tena. Aliliandika kwa maneno machache. Waliomfuata ndio walioligeuza kuwa kanuni ya hatua tatu, iliyofundishwa kwa mameneja wa nusu ya pili ya karne ya ishirini kana kwamba ilikuwa sheria ya maumbile.

Kanuni hiyo ilipata nguvu kutoka kiwanda cha Harwood katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, ambako wanawake walishona nguo za kulalia na kulipwa kwa idadi ya vipande. Kila walipohamishiwa kazi mpya, kasi yao ilianguka, manung'uniko yakazidi, na wengi wakaacha kazi. Lester Coch na John French walijaribu njia tatu, wakachapisha matokeo mwaka 1948. Kikundi kimoja kilitangaziwa mabadiliko na wakubwa. Kingine kiliwakilishwa na wenzao wachache katika kuyapanga. Viwili vilishiriki kikamilifu. Katika kikundi kilichotangaziwa tu, asilimia 17 waliacha kazi katika siku 40 za kwanza. Katika vikundi vilivyoshiriki kikamilifu hakuacha hata mmoja, na kasi ya kazi ikapanda kuliko ilivyokuwa kabla ya mabadiliko.

Jambo lenye mafunzo zaidi lilitokea miezi michache baadaye. Waliobaki katika kile kikundi cha kwanza walihamishwa tena, safari hii kwa njia ya kushirikishwa, nao wakaizoea kazi mpya upesi kama wenzao. Watu walikuwa walewale. Kilichokuwa kimebadilika ni namna ya kuwaendea. Ukaidi haukuwa tabia yao.

Hata hivyo, Harwood iliacha swali wazi. Uamuzi wa kubadili kazi ulikuwa umekwisha kufanywa na wakubwa, na wafanyakazi walishirikishwa katika namna ya kuutekeleza. Je, hiyo ilikuwa njia ya kuwasikiliza, au njia ya upole ya kuwakubalisha?

2. Mashine na jamii ya kazi: migodi ya Uingereza, 1951

Swali hilo liliingia chini ya ardhi mwaka 1951. Eric Trist na Ken Bamforth, wa Taasisi ya Tavistock ya London, walichapisha uchunguzi juu ya migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth mwenyewe alikuwa amechimba makaa kwa miaka 18, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa giza la mgodini likoje.

Katika utaratibu wa kale, wachimbaji wawili au wachache walichaguana wenyewe, wakafanya kazi nzima: kukata makaa, kuyapakia na kulisogeza eneo la kuchimba. Mashine mpya za kukata na za kusafirisha zilileta utaratibu wa ukuta mrefu. Watu 40 hadi 50 waligawanywa katika zamu tatu, kila mmoja na sehemu yake ndogo. Zamu moja ilipoacha kazi nusu, iliyofuata iliikuta imeharibika na haikuwa na wa kumuuliza. Lawama zilizagaa na watu wakakosa kazini. Makaa yaliyotarajiwa kuongezeka kwa nguvu za mashine hayakuongezeka kama ilivyohesabiwa.

Watafiti hao hawakuilaumu mashine wala wachimbaji. Walionyesha kwamba ufundi na jamii ya kazi ni kitu kimoja chenye nyuso mbili. Anayebadili uso mmoja na kuusahau wa pili huharibu vyote. Katika tabaka la makaa la Haighmoor waliona vikundi vilivyotumia mbinu mpya huku vikirudisha desturi ya zamani ya kujipangia kazi wenyewe, navyo vilifanya vizuri. Mtu wa Lubumbashi au Kolwezi, aliyekulia karibu na zamu za migodi ya shaba, hahitaji mfano mwingine ili aelewe kilichokuwa kimepotea kule Uingereza.

3. Norway: kutoka kukubalishwa hadi kukubaliana

Jaribio la Harwood lilipelekwa Norway, katika kiwanda cha viatu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1960. Huko, ushirikishwaji haukuongeza kazi kwa kiwango cha maana. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa rahisi: wafanyakazi wa Norway walizoea kusema na wakubwa kupitia vyama vyao, na vikao vilivyoitishwa na kiwanda havikuwa kwao mahali halali pa kuamua.

Somo hilo lilizaa matunda kompyuta zilipofika. Kristen Nygaard alikuwa mtaalamu wa hesabu ambaye, pamoja na Ole-Johan Dahl, alibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 1971 hadi 1973 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali. Lengo halikuwa tena kumwandaa mfanyakazi aipokee kompyuta iliyokwisha kununuliwa. Lengo lilikuwa kumpa maarifa ya kuhoji ni kompyuta gani inayohitajika na ni kazi gani itakayopewa. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na lile la waajiri yalitia saini mapatano juu ya mitambo hiyo. Wafanyakazi walipata haki ya kuwa na wajumbe wao wa mambo ya kompyuta, na ya kupewa habari mapema, kwa lugha nyepesi inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu. Sharti hilo la lugha litarudiwa mwishoni mwa makala haya.

4. Dar es Salaam, 1965-1974: mlango unafungwa

Afrika ya Mashariki ilipata funzo lake mapema. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Hesabu za Hazina zilipohamishiwa kwenye mtambo huo, kazi ilikwama na fedha zikapotea. Wataalamu wengi walikuwa wageni wenye mikataba ya muda, na makarani walioijua njia ya zamani hawakuwa wameandaliwa kuishika mpya.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Masharti hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 kompyuta ziliingia kwa wingi.

Uamuzi ule umechekwa na wengi kama woga wa maendeleo. Kihistoria, hukumu hiyo ni nyepesi mno. Serikali iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni iliona hasara mbele ya macho yake na kumtafuta mkosaji. Kosa lilikuwa kumkamata mkosaji asiye wenyewe. Kilichoshindwa Hazina hakikuwa mashine peke yake, bali ndoa ya mashine na kazi isiyopata washenga. Kwa kuifungia mashine mlango, nafasi ya kujifunza ndoa hiyo nayo ilifungiwa nje kwa miaka mingi. Makarani ambao wangeweza kueleza mambo yaliharibikia wapi hawakupata fursa ya kulijaribu jambo upya kwa uangalifu.

5. London, 1992-1996: kosa na marekebisho yake

Isidhaniwe kwamba maafa ya namna hiyo ni ya nchi maskini tu. Shirika la magari ya wagonjwa la London lilihudumia watu wapatao milioni 6.8 na kupokea simu 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hadi mwaka 1992 kazi ilifanywa kwa karatasi. Aliyepokea simu aliandika fomu, akatafuta mahali katika kitabu cha ramani, akaiweka fomu kwenye mkanda unaokwenda. Mwenzake aliichukua, akatazama kama tukio lilelile halijaripotiwa mara mbili, kisha fomu ikafika kwa mgawaji aliyechagua gari la kutuma. Kazi ilikuwa ya polepole, lakini mgawaji alizijua barabara, vituo na wafanyakazi wake.

Tarehe 26 Oktoba 1992 kazi hiyo yote ilikabidhiwa kompyuta kwa siku moja, katika jiji zima. Mpango ulitaka kompyuta yenyewe ichague gari lililo karibu. Ili ifanye hivyo, ilihitaji kujua kila dakika kila gari liko wapi na linafanya nini, habari ambazo waendeshaji walitakiwa kuzituma kwa kubonyeza vitufe. Mawimbi ya redio yalipokatika au kitufe kilipokosewa, kompyuta iliamini uongo. Ilituma magari mawili mahali pamoja, ikatuma la mbali ikaacha la karibu. Waliokuwa wakingoja walipiga simu tena, na simu hizo ziliuzidishia mtambo mzigo. Ujumbe wa makosa ulijaa kwenye vioo hadi ule wa zamani ukapotea machoni. Wagawaji waliokuwa na uwezo wa kusahihisha walikuwa wamehamishwa viti vyao na kunyang'anywa karatasi zao. Siku ya pili kazi ilirudishwa kwa sehemu mikononi mwa watu. Tarehe 4 Novemba mtambo ulisimama kabisa, kwa sababu kipande kidogo cha programu kilichosahaulika kilikuwa kikila kumbukumbu ya mashine kila gari lilipotumwa. Mtambo wa akiba nao haukuitika. Fomu za karatasi zikarudi mezani.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Februari 1993. Ilionyesha kwamba mtambo haukuwa umekamilika wala kujaribiwa vya kutosha. Mafunzo yalikuwa yametolewa mapema mno, na mengi yakasahaulika kabla ya siku ya kuyatumia. Wafanyakazi wa chumba cha simu na wale wa magari walikuwa wamefundishwa mbalimbali, na hawakuwa wameuamini mtambo huo. Baadhi ya wakubwa walikuwa wametarajia kwamba kompyuta ingekomesha mazoea mabaya ya wafanyakazi. Yaani, kompyuta ilitumwa kuvunja ukaidi.

Sura ya pili haisimuliwi sana, nayo ndiyo yenye faida. Shirika lilelile lilianza upya. Kwanza uhusiano na wafanyakazi ulitengenezwa, na utaratibu wa karatasi ukaimarishwa. Kisha mtambo mpya ulijengwa na mafundi wa shirika lenyewe, sehemu baada ya sehemu, kila sehemu ikijaribiwa na wale watakaoitumia na kurekebishwa kwa maneno yao. Haukuwashwa kabla wao hawajauridhia. Mtambo huo ulianza kazi Januari 1996 na ukafaulu. Mwaka 1997 ulipewa tuzo na chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza. Kama ilivyokuwa Harwood, wafanyakazi na jiji havikubadilika. Kilichobadilika ni njia.

6. Barafu isiyoganda

Mwaka huohuo wa 1996, John Kotter wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu chake cha hatua nane za kuongoza mabadiliko, zinazoanza kwa kuwaamsha watu waone haraka iliyopo na kumalizika kwa kuyajenga mabadiliko ndani ya utamaduni wa shirika. Ni hatua tatu za Lewin zilizoongezwa urefu. Mwisho wake bado ni kugandisha.

Lakini kompyuta haigandi. Programu iliyofundishwa leo hubadilishwa baada ya miezi michache, na mfanyakazi hubaki mwanafunzi wa daima. Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, Utah, wakatoa tamko la kujenga programu kwa vipande vidogo, kwa mazungumzo ya karibu na watumiaji, na kwa kuwa tayari kubadilika. Mwaka 2014 Kotter mwenyewe alizirekebisha hatua zake ili ziende pamoja na bila kukoma badala ya kufuatana. Hivyo mbinu ya zamani ilibadilishwa katika mambo mawili: haina tena siku ya mwisho, na haitoki tena juu kwenda chini tu. Wanawake waliozungumza juu ya harufu ya figo mwaka 1942 walikuwa wamekwisha kufundisha jambo la pili, ingawa wengi walilikumbuka la barafu peke yake.

7. Kongo, 2011: mshahara unaingia benki

Kabla ya mwaka 2011, mishahara ya watumishi wengi wa serikali ya Kongo ilisafiri kwa fedha taslimu, ikipita mikononi mwa wahasibu wa ngazi mbalimbali. Kila mkono ulikuwa nafasi ya kukata, na orodha zilibeba majina ya watu wasiokuwapo. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi kupitia akaunti za benki. Katika miji mikubwa faida ilionekana: mtumishi alipokea kiasi kilichoandikwa, bila kumwomba mtu.

Vijijini ilikuwa habari nyingine. Benki zilikuwa mijini. Mwalimu wa shule ya mbali alilazimika kuacha darasa, kusafiri siku kadhaa, kulipa nauli na malazi, na pengine kungoja foleni akaambiwa arudi. Sehemu ya mshahara iliyookolewa kwa mhasibu ilimezwa na njia, na wanafunzi wakapoteza siku zao. Baadaye shirika la Kanisa Katoliki, Caritas, lilipewa kazi ya kuwalipa walimu katika maeneo yasiyokuwa na benki. Marekebisho hayo yalikuwa mema, ila yalikuja baada ya mateso ambayo mwalimu yeyote wa kijijini angeweza kuyatabiri, laiti angeulizwa.

Malalamiko ya walimu hao hayakuwa upinzani dhidi ya maendeleo wala utetezi wa wizi wa zamani. Yalikuwa habari sahihi juu ya umbali, barabara na kalenda ya shule. Hapa pia, kilichoonekana kama ukaidi kilikuwa ujuzi.

8. Hitimisho

Kutoka jikoni Marekani hadi foleni za benki Kongo, historia hii inaonyesha jambo moja kwa sura nyingi: mageuzi ya kompyuta hushindwa pale yanapomchukua mfanyakazi kama kizuizi, na hufaulu pale yanapomchukua kama mjuzi. Kumshirikisha baada ya uamuzi ni afadhali kuliko kumtangazia. Kumshirikisha kabla ya uamuzi ni bora zaidi. Na kwa kuwa kompyuta haitulii, ushirikishwaji nao hauna siku ya kufungwa.

Limebaki lile sharti la Norway la mwaka 1975, la habari kwa lugha nyepesi inayoeleweka. Mtu hawezi kutoa ujuzi wake katika lugha asiyoimudu. Lugha rasmi ya ofisi za Kongo ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mashariki mwa nchi, ndicho ambacho karani, muuguzi na mwalimu hukitumia kuelezana namna kazi inavyokwenda hasa. Kiswahili hakikosi nyenzo. Wasemaji wake wamekwisha kuijadili kompyuta kwa majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mwaka 2004 programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili huko Dar es Salaam kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi inayozisubiri idara za Kiswahili katika vyuo vikuu, kwa hiyo, inazidi kutunga istilahi. Ni kuhakikisha kwamba siku mtambo mpya unapoletwa ofisini, maswali ya aliyelala kitandani yanaweza kuulizwa na kuandikwa katika lugha anayoota nayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa hakuulizwa anaumwa wapi.